Seli za Ini la Mama Yako

Kehancha,
Jumapili, baada ya kanisa

Binti yangu Boke,

Sikuulizi hali, maana nimekuona asubuhi hii ukipanda pikipiki kwenda stendi, begi dogo mgongoni, ukienda Rangwe kumuaga nyanya yako. Utarudi jioni. Kesho utaondoka tena, na safari hiyo si ya kurudi jioni. Ndiyo maana nimeingia dukani kwa mlango wa nyuma, nikakaa kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, nikaanza kuandika.

Mambo ya makoti na soksi shangazi yako ameshakueleza, na mengine utayaona hukohuko Uholanzi unakokwenda kusoma. Mimi nataka kukuandikia yale ambayo mdomo wangu umeshindwa nayo tangu mama yako atutoke. Unajua watu wa hapa wanavyonisema. Wanasema Mwita ni mwanamume kweli, alimzika mke bila kutikisika. Nadhani hata wewe umewahi kuliamini hilo, au umewahi kuniogopa kwa sababu yake. Boke, sikuwa imara. Nilikuwa nimekufa ganzi. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu, unaugusa, unaona kabisa ni wako, lakini hauna habari na wewe. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima, na kwa sehemu kubwa ndivyo nilivyo hata sasa. Kwa hiyo usitafute machozi katika barua hii. Nitakueleza tu yaliyotokea, kama nilivyoyaona.

Umekua ukisikia Kiswahili nyumbani, ukadhani kila nyumba iko hivyo. Sisi tulizungumza Kiswahili kwa sababu hatukuwa na kingine. Mama yako alitoka Rangwe akaja Kehancha kufanya kazi ya ukarani kwenye kituo cha kununulia tumbaku, nami nilikuwa nikileta tumbaku ya baba yangu. Akoth hakujua Kikuria, mimi sikujua Kiluo. Siku ya kwanza aliniambia, "Gunia yako iko na maji." Badala ya kuitetea tumbaku yangu, nilimsahihisha Kiswahili chake. Akanitazama vizuri, akasema, "Sawa. Gunia lako lina maji. Rudi nalo nyumbani."

Nikarudi nalo. Safari iliyofuata nilileta tumbaku kavu, na iliyofuata nikaja bila tumbaku. Watu walinung'unika pande zote mbili, kwetu kwa sababu ni Mjaluo, kwao kwa sababu mimi ni Mkuria, kisha wakachoka kunung'unika. Miaka yote ya ndoa yetu niliendelea kumsahihisha. Ulipoanza shule ukawa unamsahihisha na wewe, nami nikacheka. Hilo ni kosa dogo, lakini hunirudia mara nyingi kuliko makubwa.

Makubwa unayajua kwa nje. Nyanya yako alipovunjika nyonga, mama yako alikwenda Rangwe kumuuguza, na akiwa huko akaanza kukohoa. Vipimo vikaonyesha TB. Akaanzishiwa dawa, na sote tukashusha pumzi, maana TB inatibika. Jirani yetu hapa nyuma alimeza dawa hizo hizo, na leo analima kuliko mimi. Wewe ulikuwa chuoni Nairobi, na kila asubuhi ulimpigia mama yako kumuuliza kama amemeza. Mimi nilimpigia jioni. Alituambia chakula hakishuki, tumbo linamsumbua, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Ulimwambia asikatize, kwamba akikatiza ugonjwa utarudi ukiwa sugu. Mimi nikamwambia vivyo hivyo. Mtu anayeuza dawa za mifugo hakosi siku ya kumwambia mteja amalize dozi. Neno hilo lilikuwa limezoea kinywa changu, likatoka lenyewe.

Nilipokwenda kumwona, nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya nyanya yako akichambua kunde. Alitabasamu, akainua uso, na macho yake yalikuwa ya manjano. Niliona. Nikajiambia ni jua la jioni. Tulikula, tukalala, na kesho yake ni mjomba wako Ochola, kaka yake mkubwa, aliyemtazama mara moja tu akasema tumpeleke Homa Bay.

Hospitalini walisimamisha dawa siku hiyohiyo. Daktari alinieleza kwa upole kwamba dawa za TB zimeponya watu wengi mno, lakini kuna mmojammoja ambaye zinamchoma ini, na Akoth alikuwa mmoja wao. Nilimuuliza mtu anawezaje kujulikana kabla hajaanza kumeza. Akasema njia aliyonayo yeye ni kumwangalia mgonjwa, kumpima damu, na kusimamisha dawa mapema dalili zikionekana. Aliposema mapema alitazama pembeni. Hakuwa na nia ya kunishtaki.

Kuna jambo lililotokea wodini kabla hujafika kutoka Nairobi. Sehemu yake unaijua kwa karatasi za watafiti, lakini hukuwepo. Alikuja muuguzi aitwaye Pamela, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini. Akaeleza kuwa kuna watafiti wanaokusanya damu ya watu walioumizwa ini na dawa. Wanataka kuzikuza seli zake katika maabara, wazigeuze ziwe nyama ya ini, halafu wajaribie dawa humo badala ya kujaribia ndani ya mtu. Nilikataa kabla hajamaliza. Nilisema mgonjwa amechoka na damu iliyotolewa inatosha. Pamela akasema hana haraka, ila jibu ni la mgonjwa mwenyewe, maana fahamu zake anazo.

Mama yako akaniambia ningoje nje. Nikatoka, nikasimama kwenye veranda, lakini dirisha lilikuwa wazi na nikasikia yote. Aliuliza kama itauma. Akauliza kama damu yake itauzwa. Mwisho akauliza kama jambo hilo litamsaidia yeye. Pamela hakumdanganya. Alimwambia hapana, mama, wewe halitakusaidia. Nikasikia gari la chakula likisukumwa huko mwisho wa wodi. Kisha mama yako akasema:

"Chukua. Lakini mkipata kitu, mwambie mume yangu na mtoto yangu. Wasikae wakijiuliza."

Safari hiyo sikumsahihisha.

Ulipofika hakuwa anazungumza tena kwa kueleweka. Siku zilizofuata unazijua, sizirudii.

Kwenye mazishi nilipanga viti. Nakumbuka nilikuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu hema, kwamba upande mmoja umelegea na wazee watanyeshewa. Mvua yenyewe haikuwepo. Watu walilia, wewe ulilia mpaka ukashikwa na wanawake wawili, na mimi nilikuwa nikifunga kamba ya hema. Nilingoja huzuni ije kama mtu anavyongoja mgeni aliyesema yuko njiani. Haikuja. Nikaanza kuogopa kwamba labda sikumpenda.

Wageni walipoondoka ulinifuata jikoni. Ulikaa kwenye kigoda cha mama yako, ukasema bila kunitazama, "Tata, ni mimi. Ni mimi nilimlazimisha kumeza."

Nami nikakwambia, "Kula. Chakula kinapoa."

Ulikula, Boke. Ulichukua ugali ukala, machozi yakikuingia mdomoni, kwa sababu baba yako amekuambia ule. Nimefanya makosa mengi ya kawaida, ya biashara na ya ndugu, na mengi yamekwisha. Lile halijaisha. Si kwamba sikukusikia. Nilikusikia vizuri sana. Lakini kama ningekujibu, ingenibidi nitaje macho ya manjano na kunde na jua la jioni. Muda wote uliokuwa ukijilaumu wewe, hakuna aliyeniuliza mimi. Nikakuacha ubebe kosa hilo peke yako. Ganzi ni kitu cha ajabu, haikuzuii kujificha.

Baada ya hapo ulirudi chuoni, na ghafla ukawa mtu wa maabara tu. Ulipokuja likizo ulizungumza habari za seli shina mezani kama watu wengine wanavyozungumza habari za mpira. Nilikuwa nakubali kwa kichwa. Ilikuwa rahisi kukusikia ukisema mambo nisiyoyaelewa kuliko kukusikia ukisema yale ninayoyaelewa.

Ndipo Pamela akapiga simu. Alikuwa ametunza neno la mama yako. Akasema zile seli zimeota, zimekuwa vinyama, yaani vipande vidogo vya nyama ya ini, vipimo vya kwanza vimefanyika, na kama familia inataka inaweza kwenda Nairobi kuelezwa. Akaongeza kwamba familia ikiona haifai, inaweza pia kuomba kazi hiyo isimamishwe.

Habari ilifika Rangwe kabla yangu, na mjomba wako akaniita. Unakumbuka tulivyokaa pale nyumbani kwao, nyanya yako kwenye kiti chake, mimi na wewe kwenye benchi. Ochola hakuwa na hasira. Aliniita ora, yaani shemeji, akaniuliza kama dada yao tulimzika mzima, au kuna sehemu yake iko Nairobi inaishi bila sisi. Ni wewe uliyejibu, mara Kiluo, mara Kiswahili kwa ajili yangu. Ulisema damu ile ilikuwa ndogo, kama inayotolewa kwa kipimo chochote. Ulisema watafiti walizichukua seli zake wakazirudisha utotoni, zikawa kama seli za mimba ambayo haijaamua kipi kitakuwa mkono na kipi kitakuwa moyo, halafu wakazielekeza taratibu, kwa vyakula maalum, mpaka zikawa ini. Ulisema hiyo si Akoth. Ni kitu kilichotoka kwake, kama wewe ulivyotoka kwake.

Kisha Ochola akakuuliza, "Hiyo kitu inasikia uchungu?"

Ukasema, "Hapana, mjomba. Haina mishipa ya fahamu. Haijui chochote."

"Basi iacheni ifanye kazi," akasema. "Akoth hakupenda kukaa bure."

Nyanya yako alicheka kidogo, kisha akajifunika uso kwa leso. Nilimwonea wivu. Mtu mmoja, dakika moja, vitu viwili vyote vimemtoka.

Nairobi nilikwenda nikiwa na hofu moja tu, kwamba nitaanguka mbele ya watu. Nilikuwa nimejiandaa. Walituvisha makoti meupe, mama mmoja, msimamizi wa maabara, akatuonyesha kisahani cha plastiki chenye maji ya waridi, kisha akaniachia darubini. Nikainama. Nikaona vibonge vidogo vya rangi ya kijivu, kama uji uliomwagika ukaganda. Hivyo ndivyo vilivyokuwa. Nilitazama nikingoja, na hakuna kilichokuja. Nikafikiri habari za madirisha ya chumba kile, kwamba hayafunguki.

Msimamizi akaeleza. Walivitia vinyama vile dawa ile ile ya TB, wakavitia pia vinyama vilivyotokana na watu wengine. Kwa kipimo ambacho vya wengine vilivumilia, vya Akoth vilianza kufa. Alisema inaelekea mwili wake ulikuwa ukiivunja dawa polepole, ikabaki ndani na kugeuka sumu. Alikuwa mwangalifu. Alisema huyu ni mtu mmoja, na nyama ya kwenye kisahani ni changa, haina damu inayopita ndani yake, haiwezi kusema yote ambayo ini la mtu mzima lingesema.

Wewe ukauliza, "Kwa hiyo kama angeacha kumeza..." Hukumaliza. Ulishika ukingo wa meza.

Yule mama akakujibu kwamba wakati ule hakukuwa na mtu yeyote mwenye njia ya kujua. Mimi nikauliza choo kiko wapi. Nilikaa huko muda mrefu, na nilipotoka ulinitazama kwa huruma kwa sababu ulidhani nimelia. Nilikuwa nikinawa mikono, Boke. Nilinawa, nikanawa tena, kwa sababu maji yalikuwa ya moto na nilikuwa nayasikia.

Sasa nisikilize. Nilichelewa kukujibu jikoni, basi pokea jibu leo. Ulimwambia mama yako amalize dawa kwa sababu hilo ndilo jambo la kweli la kumwambia mtu mwenye TB. Waliomwandikia dawa walimwambia hivyo. Nilimwambia hivyo. Kesho kuna mtu mwingine ataambiwa hivyo, na ni haki aambiwe. Wewe ulikuwa mbali, ukisikia sauti tu kwenye simu, na kwenye simu mama yako alikuwa akijikaza ili usikose masomo. Mwenye macho pale nilikuwa mimi. Sisemi hivi ili sasa kosa nilibebe mimi, tupokezane kama gunia. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na umekaa muda mrefu na hadithi isiyo sahihi.

Usiende Uholanzi kulipa. Ndilo ninaloliogopa, zaidi ya baridi na zaidi ya upweke. Naona unavyofanya kazi, unavyokataa kupumzika. Mtu anayelipa hafanyi kazi vizuri, anataka jibu lije haraka ili aachiwe huru. Na wewe mwenyewe umenieleza kwamba vinyama hivi unavyokwenda kuvisomea ni vigumu. Umenieleza vinavyokufa bila sababu, kwamba vinakuwa ini la mtoto mchanga na kukataa kukua, kwamba mtu anaweza kumaliza masomo yake yote na kisahani kikabaki kimya. Kama itakuwa hivyo, rudi nyumbani useme hujui. Nitakupokea mtu asiyejua. Daktari wa Homa Bay alikuwa mtu asiyejua aliyekuwa tayari kusema hivyo, na hadi leo ndiye ninayemwamini kuliko waliokuja baadaye na maelezo.

Na mtu akija kwako huko, mwenzako, rafiki, mwanamume utakayempenda, akakwambia kitu kizito bila kukutazama, usimpe chakula kwanza. Sijui unapaswa kumpa nini, sijapata kulijua hilo. Mimi niliwahi tu kutoa kile kisichofaa. Labda keti.

Nimebakisha jambo moja, la hivi karibuni, ambalo sijamwambia mtu.

Alikuja mteja dukani kutoka upande wa Ntimaru, mtu wa makamo, anataka dawa ya kupe. Wakati namtafutia alijiegemeza kwenye kaunta kama mtu aliyechoka sana, nikamuuliza kama anaumwa. Akasema ana TB, ameanza dawa, zinamsumbua lakini atamaliza. Nilimshika mkono nikamtoa nje juani. Nilimwambia aangalie juu. Nikamuuliza kuhusu chakula, kuhusu mkojo. Alishangaa, akajibu. Sikumwambia aache dawa, maana hilo si langu kusema. Nilifunga duka, nikapanda naye pikipiki mpaka zahanati, nikamwambia mhudumu wa pale yote aliyonieleza mgonjwa, nikakaa kwenye benchi mpaka damu ikapimwa. Wakampeleka hospitali kubwa. Huko dawa zikasimamishwa, ini likapumzika, kisha akaanzishiwa matibabu kwa mpango mwingine, akiangaliwa kwa karibu.

Alhamisi iliyopita alirudi. Alisimama mlangoni akiwa amenenepa kidogo, macho meupe, akaniambia amekuja kununua ile dawa ya kupe, kwa sababu siku ile aliondoka bila hiyo. Nilimuuzia. Hatukusema mengi. Alipoondoka nilitoka dukani nikavuka ua kwenda nyumbani, na nilipofika mlangoni niliita, "Akoth!"

Wewe ulikuwa ndani ukipanga nguo zako. Uliitika, "Naam." Hukunisahihisha. Ulitoka ukasimama mbele yangu ukaniuliza nataka nini, nami nikatikisa kichwa, nikasema si kitu, nikarudi dukani.

Nilikuwa nataka kukwambia kwamba yule mtu amepona.

Baba yako,
Mwita